Ea kula imekula hela yangu

Nianze kwa kukiri tu, hata mimi niliingia mkenge. Januari mwaka jana joto la Dar lilipokolea, lile la kuacha godoro ukalale sakafuni kwenye vigae, nikashuka Kariakoo nikarudi na mashine moja ndefu ya kupoza hewa, ina tairi chini na tangi la maji, wenyewe wanaiita ea kula, na kweli ilikula maana kwa hela ile ningepata feni tatu za maana na nauli ya daladala juu. Muuzaji aliniwashia palepale dukani, nikasimama mbele yake, upepo wa baridi ukanipiga usoni nikajisemea sa kiyoyozi cha nini tena? Nilikuja kukumbuka baadaye sana, nikiwa nimelala na jasho, kwamba lile duka lenyewe lilikuwa na AC.

Sina ugomvi na mashine yenyewe. Ni akili ileile ya mtungi wa bibi. Mtungi unatoa jasho, yale maji yakikauka yanaondoka na joto, maji ya ndani yanabaki ya baridi bila umeme wala nini. Ea kula inafanya hivyohivyo ila kwa haraka, feni inavuta hewa ya moto inaipitisha kwenye zile pedi zilizolowa, maji yanageuka mvuke, hewa inatoka imepoa. Na si mzaha, lita moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba joto la karibu theluthi mbili ya uniti nzima ya umeme, wakati mashine yenyewe, hizi za chumbani, inakula kama wati 100 hivi, AC ndogo kabisa inakula mara saba au nane ya hapo. Ukiangalia LUKU tu unaona umepata dili.

Shida ni hewa yenyewe. Ili maji yakauke lazima hewa iwe na kiu, na hewa ya Dar haina kiu, imeshiba bahari. Hapa unyevu mchana wa masika au kaskazi ni asilimia 65, 70, usiku na alfajiri mara nyingi unapita 80. Piga hesabu: nje nyuzi 32, unyevu 70, hata ukiwa na mashine isiyo na kasoro duniani haiwezi kushuka chini ya 27 hivi, hizi zetu zinaishia 28. Chukua Dodoma kipindi cha ukame, nyuzi 30 unyevu 35, mashine ileile inakutolea hewa ya 21 au 22. Ndo maana wenzetu wa Rajasthan kule India na majangwa ya Arizona wamezitumia miaka na miaka, kwao hewa ni kavu.

Najua kuna mtu atasema 28 si haba bwana, bora kuliko 32. Na mi nilisema hivyohivyo. Ila mwili wako nao ni mtungi! Unapoa kwa jasho kukauka, sasa hewa inayotoka mle imejaa maji pomoni, jasho linabaki palepale kifuani linakunata, umepunguza nyuzi nne umejiongezea kero. Na ukifunga madirisha, maana mbu na vibaka wote wapo, ndo umeua kabisa, baada ya saa moja chumba kina unyevu mpaka maji hayakauki tena, unabaki na feni ya bei mbaya inayopuliza mvuke. Wiki ya pili mlango wa kabati umevimba haufungi, mkanda wangu wa ngozi umeota ukungu, mama watoto ananiambia umetuletea bafu chumbani.

Nikashauriwa niweke barafu. Chupa za maji nagandisha kwenye friji, natumbukiza kwenye tangi, dakika ishirini raha, halafu basi. Na friji yangu iko chumba hichohicho, ile joto inayotoa kwenye maji inaimwaga mgongoni kwake, kwa hiyo nilikuwa nahamisha joto kutoka kona hii kwenda kona ile huku mita inasoma. Bado sijasema habari ya maji ya kisima ya chumvi yanavyogandisha pedi zikawa kama mwamba, wala lile tangi ukilisahau na maji wiki mbili unafuga mbu mwenyewe, na mji huu ulishapigwa na dengi 2014 na tena 2019.

Kwa maoni yangu joto la Dar linataka upepo upite. Tumejenga nyumba za bati bila siling bodi, tukaweka madirisha ya aluminiamu ya kuslaidi ambayo hata ufungue vipi nusu inabaki imefungwa, mwarobaini wa uani tumekata tuweke pevingi, halafu tunatafuta mashine. Mi nilipiga siling, nikafunga feni ya juu, na nyingine ndogo naielekeza dirishani usiku itoe joto nje. Haipozi kama AC, ila jasho linakauka na nalala kitandani. Ukiwa na hela nunua AC tu, ile angalau inakamua maji hewani, si unaona yanavyochuruzika kwenye ule mpira wake nje.

Ea kula nikaipakia kwenye basi Septemba, nikampelekea dada yangu Dodoma. Alinitumia picha mwezi uliofuata, saa nane mchana, yuko kwenye kochi kajifunika khanga anasema kaka hii kitu baridi yake imezidi, inapunguzwaje? Sijamjibu mpaka leo.