Bubu Mwenye Kelele

Shemeji aliponiambia twende tukaangalie filamu bubu, nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Masikio yangu yalikuwa yamechoka wiki nzima. Nikapiga hesabu: filamu haina sauti, ukumbi una giza, kiti kina mto. Hapo ni kusinzia tu!

Kumbe nimejipeleka mwenyewe. Chini ya skrini kuna kinanda kikubwa kama kitanda cha watu wawili, na jamaa mwembamba anajinyoosha vidole kama bondia kabla ya kengele.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Ndiye atakayeitafsiri filamu kwa muziki," shemeji akasema, na hapo ndipo alipofunguka bomba. Eti zamani majumba makubwa yalikuwa na okestra nzima, mengine ogani. Eti filamu za kuzungumza zilipopamba moto baada ya 1927, wapiga muziki wengi wakapoteza kazi. Nikajisemea moyoni, wote wakapoteza, huyu mmoja akabakizwa kwa ajili ya usingizi wangu.

Filamu yenyewe ni ya Buster Keaton, mchekeshaji wa Kimarekani, ya mwaka 1928. Jamaa hacheki, hanuni, uso mkavu kama wa mtu anayesubiri mshahara. Halafu kuna yale maandishi. Mtu anachezesha mdomo nusu dakika, mikono inapepea, mishipa ya shingo imesimama, likija andiko ni maneno manne. Mengine yote ameyapeleka wapi? Na kila andiko likitokea, shemeji ananisomea sikioni, kana kwamba shule nilikwenda kufagia.

Nikifumba macho tu, yule bwana wa kinanda anapiga radi. Hana hata karatasi mbele yake! Macho kwenye skrini, vidole vinajua njia vyenyewe. Upepo ukivuma kule juu, yeye anaunguruma huku chini mpaka kiti changu kinatetemeka. Saa nzima hajapumzika hata kufuta jasho. Nikikiri kwamba ni fundi itakuwa nimeshindwa, kwa hiyo sikiri.

Ikaja dhoruba. Keaton kasimama mbele ya nyumba, mara ukuta mzima wa mbele unamwangukia. Ukuta wa kweli, shemeji kanihakikishia. Ukampitia kwenye uwazi wa dirisha, yeye wima! Mpiga kinanda akanyanyua mikono. Kimya. Watu mia kadhaa wameshika pumzi. Kimya nilichokuja kukitafuta, hatimaye hiki hapa.

Simu yangu ikalia.

Na yule mtu hana huruma. Akaudaka mlio wa simu yangu, akaupiga kwa kinanda, mara ya pili akaunogesha. Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Nikainama chini ya kiti, nikapokea. Mke wangu.

"Uko wapi?"

"Kwenye filamu bubu," nikanong'ona.

"Bubu? Mbona nasikia kinanda?"

"Ndivyo zilivyo."

"Na hao wanawake wanaocheka nao ni mabubu? Haya, nipe kaka."

Nikamsogezea shemeji simu aniokoe. Mtu ambaye mdomo wake haukufungwa tangu tuingie, akanitazama, akaweka kidole mdomoni.

"Shii!"