Acheni kupulizia snea kuukuu rangi

Jamani wauzaji wa vyombo vya muziki hapa Kisumu, mnatuumiza. Snea, ile ngoma ya bapa yenye nyaya chini, imetoka kanisani na kutu yake, badala ya kuiuza ilivyo, mtu anaipulizia rangi ya fedha mwili mzima, mpaka kwenye skrubu, kisha anapandisha bei eti ni kama mpya.

Kutu ya juujuu kwenye kromu hutoka kwa kipande cha foili na maji, basi. Lakini rangi ikishaingia kwenye meno ya skrubu, ufunguo wa kukazia ngozi haugeuki, na ukilazimisha unavunja kishikio cha skrubu ambacho hapa mjini hukipati.

Tena inaficha ngoma yenyewe. Snea za Supraphonic za kampuni ya Ludwig ya Marekani, za miaka ya 1960, nyingi ni alumini iliyopakwa kromu. Kromu hiyo huota vipele na kubambuka, ni kawaida yake, wala haizuii ngoma kulia vizuri. Vipele hivyo ndiyo alama tunayoitafuta! Sasa inabidi nitembee na sumaku mfukoni, nijue kama chini ya rangi kuna chuma, maana alumini haishiki sumaku.

Na wale wanaotoboa mashimo mapya kwenye mwili wa ngoma ndio wananikera zaidi. Tuuzieni ikiwa chafu, ngozi imepasuka, nyaya zimekatika. Tutaisafisha wenyewe.