"Zinaingia" siyo jibu

Wauza spea wa Mtwara, nikiuliza diski za breki za mbele za gari langu, Subaru WRX ya 2004, msinijibu "zinaingia hizo, kaka". Zangu ni za kipenyo cha milimita 294. Za STI, yaani WRX yenye nguvu zaidi, ya mwaka huohuo, yenye breki za kampuni ya Brembo, ni 326. Hazibadilishani! Juzi nilikwenda na diski kuukuu mkononi kabisa, bado nikauziwa pedi, zile zinazobana diski, za gari jingine. Fundi akataka kuzisaga zikae. Zisagwe? Breki? Mimi nateremka Newala na watoto nyuma, kona baada ya kona, pedi zinachemka mpaka harufu inaingia ndani. Pimeni kwanza, jamani. Na kama hamna, semeni hamna, niagize Dar nisubiri basi la kesho.