Kibakuli nisichokiagiza

Jamani, hii otoshi, kile kibakuli unacholetewa Japani bila kuagiza, itanitoa roho. Unaingia kijimgahawa cha yakitori (mishikaki ya kuku) pale Yurakucho, Tokyo, chini ya reli, mmebanana bega kwa bega, moshi mpaka machoni. Hujafungua mdomo, unawekewa kibakuli cha kabichi mbichi. Unadhani ni ukarimu, kumbe yeni 400 zinakusubiri kwenye bili! Mishikaki nailipia bila kinyongo: ngozi ya kuku iliyokaukia mkaani, paja na vitunguu, firigisi za chumvi tu (hizo nisiguswe). Lakini kabichi? Nani kaagiza? Wenyeji wananiambia eti ndiyo ada ya kiti. Haya, basi iandikwe kiti, nijue nimekula kiti. Na nimekimaliza chote, hata sosi nimeramba.