Mazombi ya Kichina yamesafishwa, sauti yetu je?

Jamaa yangu wa Arusha aliniazima diski ya Mr. Vampire, ile muvi ya Hong Kong ya 1985 ya mazombi yanayoruka miguu pamoja, kampuni ya Uingereza inaitwa Eureka iliitoa upya 2020 ikiwa imesafishwa. Aisee nimeiangalia mara mbili usiku mmoja. Miaka yote nilijua ile muvi ni ya giza, kumbe giza lilikuwa la kopi! Joho la yule mzee anayepambana na mazombi ni la njano kabisa, na ule mchele wa kunata unaona punje zake, sisi tulikuwa tunaona kitu cheupe tu kinamwagwa.

Waliokulia Moshi miaka ile watanielewa. Kibandani kwetu Rau tulikuwa tunalipa hamsini, mabenchi ya mbao, tivii chogo juu ya meza na deki chini yake, chenga zikizidi mwenye kibanda anatoa kanda anafuta kichwa cha deki na spiriti halafu tunaendelea. Kwenye zile muvi ukiziba pumzi zombi halikuoni, basi kibanda kizima kinaziba pumzi, na kurudi nyumbani usiku kwenye migomba tunatembea tumebana pua mpaka kifua kinauma.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Kwenye ile diski kuna Kikantoni na maandishi ya Kiingereza, picha safi, ila yule mtafsiri hayupo. Yule jamaa aliyekuwa anaongea juu ya muvi, anawapa watu majina ya kwetu, zombi likitokea anatuonya kabla steringi hajageuka. Kwangu mimi hiyo ndiyo muvi. Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa Bongo, na wenzake hawakuwa wanatafsiri maneno tu, walikuwa wanaisimulia upya, kama bibi anavyosimulia ya majini jikoni, na sauti zao hazipo kwenye negativu (ile filamu ya asili) yoyote ya Hong Kong wala Marekani, zipo kwenye kanda zilizobaki kwenye makabati yetu na basi.

Huko nje hii kazi wanaichukulia siriazi sana na nawaheshimu kwa hilo. Wanatafuta negativu yenyewe iliyotoka kwenye kamera, wanaiskani picha moja moja, na ukipiga hesabu ya picha 24 kwa sekunde muvi ya saa moja na nusu ni picha 129,600, kisha wanatoa vumbi na mikwaruzo na kurudisha rangi. Ganja & Hess ya Bill Gunn, ya 1973, wasambazaji waliikatakata wakaibadilisha hadi jina, ikaokoka kwa sababu kopi nzima ilikuwa imetunzwa kwenye jumba la makumbusho la MoMA kule New York, leo unaiangalia nyumbani kama alivyoitaka mwenyewe. Kopi moja tu!

Na msiniambie hayo ni ya wazungu na mafilamu yao makubwa. Waganda hapo jirani, wale wa studio ya Wakaliwood, muvi yao Who Killed Captain Alex? ya 2010 (si ya kutisha, ni ya mapigano, ila hoja ni ileile) mwongozaji wake Nabwana aliifuta kwenye kompyuta yake ili apate nafasi ya muvi nyingine, ikabaki ya kwenye DVD, na hiyohiyo ndiyo iliyokuja kutolewa kwenye Blu-ray na watu wa American Genre Film Archive, Marekani. Kwenye hiyo muvi VJ Emmie anaongea mwanzo mwisho, yani mtafsiri wao, na hakuna aliyemtoa kwa kisingizio cha kusafisha. Hicho ndicho ninachokitaka kwetu.

Mwaka juzi nilijaribu. Nina kanda ya mazombi ya Kichina yenye tafsiri ya Kiswahili, kava ilishapotea, mama aliitunza kabatini pamoja na kanda za harusi. Nikaipeleka studio moja mjini Arusha waihamishie kwenye flashi. Walichonirudishia kilinikata maini, picha wameivuta ijae tivii za kisasa watu wote wamekuwa wanene, jina la studio na namba ya simu vinapita chini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sauti, sauti jamani, wameweka muziki juu yake kwa sababu eti ilikuwa na mvumo. Halafu deki yao ilimeza kanda sehemu ya katikati, ina mikunjo mpaka leo.

Kanda ya VHS si ya kuchezea hivyo. Ule utepe unachakaa kila ukipita kwenye kichwa, ukungu unaula, na kampuni ya mwisho kutengeneza deki, Funai ya Japani, iliacha 2016. Bongo muvi za kutisha nazo ziko palepale, Shumileta ya Mussa Banzi ya 2005 na wenzake zilipigwa kwa kamera za video, kwa hiyo hakuna negativu ya kurudia, kanda mama ikiharibika kilichobaki ni VCD yenye mikwaruzo kwenye droo ya mtu. Zitolewe upya, pati wani na pati tuu pamoja, bila kukata kitu, umbo la picha libaki lilelile, na mvumo kidogo ubaki pia kuliko kuua sauti ya mtu.

Kiboriloni nimempata fundi mwenye deki mbili zinazofanya kazi. Amesema kwanza ataifungua kanda anyooshe mikunjo kwa mkono, kichwa atakisafisha mbele yangu. Naenda Jumamosi na nitakaa hapohapo kwenye stuli mpaka kanda iishe.