Kadi ya punguzo haimalizi gharama
Eti mgonjwa wa Marekani akishapata kadi ya punguzo kutoka kwa mtengenezaji wa dawa, gharama si tatizo tena? Mwandishi wa makala iliyodai hivyo kaharakisha. Mwenye Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, haruhusiwi kuitumia kwa dawa anazolipiwa na Medicare, sheria ya kuzuia hongo inakataza (angalau tangu 2025 Part D, sehemu ya Medicare inayolipia dawa, ina kikomo cha anachojilipia mgonjwa, kilichoanzia dola 2,000 kwa mwaka). Wenye bima binafsi nao wasishangilie. Sindano za mke wangu za baridi yabisi zililipiwa na kadi vizuri tu, ikaisha katikati ya mwaka, ndipo bima ikasema hela ile yote haikuhesabiwa kwenye kiasi anachotakiwa kujilipia kwanza kabla bima haijaanza kulipa. Yaani tuanze sifuri! Kuna aliyekata rufaa akashinda?