Anayetoka jela Nakuru, genge humfikia kabla ya mwajiri

Kila habari za visu na mapanga zinapotoka Bondeni au Kivumbini, mitaa ya Nakuru, watu wetu husema yale yale: polisi waongezwe, msako ufanywe, vijana wasombwe. Ndivyo ilivyokuwa 2022, genge la Confirm lilipotajwa kila mahali na wanawake kadhaa wakauawa Mawanga. Wauaji wakamatwe, hilo silipingi hata kidogo. Ninachouliza ni habari ya yule aliyemaliza kifungo. Lango la gereza likifunguka asubuhi, anakwenda kwa nani?

Ninaishi Los Angeles, jiji lililozika vijana wengi mno kwa risasi za magenge. Mwaka 1988 padri Mjesuiti, Gregory Boyle, alianza kuwatafutia kazi vijana wa magenge katika parokia yake. 1992, baada ya ghasia kubwa za jiji hili, wakafungua tanuri la mikate. Siku hizi panaitwa Homeboy Industries. Anayeingia hukaa kama miezi 18 akilipwa mshahara, huku akisoma, akionana na mshauri na kufutwa michoro ya genge mwilini bila malipo. Nilikula hapo. Kijana aliyeniletea chakula alikuwa na mchoro juu ya jicho uliofutika nusu, herufi moja ikisomeka bado. Jikoni hukanda unga pamoja watu waliokuwa wakiwindana.

Sheria nayo inasaidia. Tangu 2018, mwajiri wa California mwenye wafanyakazi watano au zaidi haruhusiwi kukuuliza habari za jela kabla hajakuahidi kazi. Akikunyima baadaye kwa sababu hiyo, sharti akueleze kwa maandishi. Marekani hufunga watu kwa wingi wa kutisha, kwa hiyo siwasifii magereza yao. Nasifu walichofanya mlangoni.

Kwetu mlangoni kuna cheti cha tabia njema, karatasi ya polisi inayoonyesha kama uliwahi kuhukumiwa. Hata kulinda geti usiku, lete cheti. Kijana wa jirani yetu Kaptembwo alitoka na ufundi wa useremala alioupata gerezani. Meza aliyomtengenezea mamake imeungwa kwa ulimi na tundu, haina msumari hata mmoja. Kampuni zilimkataa moja baada ya nyingine. Fundi wa jua kali ndiye aliyempokea, hakumwomba karatasi. Kisha duka likavunjwa mtaani, askari wakaja karakanani na wa kwanza kubebwa akawa yeye. Waliachana naye bila shtaka, lakini wateja walikuwa wameshaona, na fundi akamwomba asirudi. Waliomtafuta wiki hiyo wakiwa na pesa mkononi hawakumwuliza cheti.

Jua kali yetu imewazidi Wamarekani kwa jambo hili moja: humpima mtu kwa mkono wake. Ila fundi yule alibeba hatari yote peke yake, na hapo ndipo serikali ilipaswa kuwa. Kaunti ya Nakuru ina jukumu la shule za chekechea, na watoto wanahitaji meza na viti. Sehemu ya tenda hizo ipewe karakana zinazoajiri waliotoka jela. Afisa wa probesheni amjue fundi kwa jina, na mkuu wa kituo cha polisi ajue nani anafanya kazi wapi, ili kijana asikamatwe kwa sababu tu sura yake inajulikana.

Najua mama mmoja atauliza: mwanangu hajawahi kuiba na hana kazi, mbona mwizi atangulizwe? Ana haki ya kuuliza, na uchungu wake naujua. Lakini karakana yenye tenda haiajiri mtu mmoja. Mwanawe apate nafasi hapo hapo. Na yule tunayemfungia mlango hatahama Nakuru. Atabaki mtaani mwetu, njaa ikimuuma, tukipishana naye usiku.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kila mwaka. Wawakilishi wadi wa Kivumbini na Kaptembwo waulizwe sasa, kabla ya tenda kutangazwa, meza hizo zitatengenezwa na nani.